Kabla ya dodoso la afya ya akili shuleni, panga kwanza jioni ya siku hiyo

Swali: "Daktari, mimi nafundisha Kiswahili na ndimi mwalimu wa ushauri na nasaha katika shule ya bweni ya wasichana, Kaunti ya Kilifi. Tuna wanafunzi kama 400. Mwaka jana mmoja wao alijaribu kujitoa uhai, akaokolewa. Tangu hapo mwalimu mkuu anataka kila mwanafunzi ajaze dodoso la afya ya akili muhula huu, tujue mapema nani yuko taabani. Amenipa lile la maswali tisa, nakala zimeshachapishwa. Wazazi wawili wamenipigia wakilalamika kuwa tunataka kuwaita binti zao wendawazimu, na naibu wa mwalimu mkuu anahofia kuwa tukiwauliza habari za kujiua tutawatia wazo. Je, tufanye? Na tukifanya, nianzie wapi?"

Jibu:

Mwalimu, poleni kwa yaliyowafika mwaka jana. Najua shule nyingi ambazo baada ya tukio kama hilo hunyamaza, zikaomba tu lisirudi tena. Mwalimu mkuu wako hakunyamaza, na kwa hilo namheshimu.

Fanyeni. Ila si muhula huu, na si wanafunzi wote 400 kwa siku moja. Zile nakala ziweke kabatini ufunge. Kazi ya kwanza ni kujua jioni ya siku ile binti akikuandikia kwamba amechoka kuishi, utampeleka kwa nani, ataketi wapi, na nani atalala karibu naye. Shule isiyo na majibu hayo haijawa tayari kuuliza. Ukimwuliza mtoto jambo zito, akajikaza akasema kweli, kisha siku zikapita bila mtu kumwita, umemfundisha kwamba kusema hakuna faida. Safari nyingine hatasema.

Nianze na hofu ya naibu, kwa sababu ndiyo inayokwamisha shule nyingi. Kumwuliza kijana kama amewahi kufikiria kujiua hakumtii wazo hilo. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2005 mtafiti Madelyn Gould na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi zaidi ya 2,300 katika shule sita za upili za jimbo la New York. Nusu waliulizwa maswali ya kujiua kwenye dodoso la kwanza, nusu hawakuulizwa. Siku mbili baadaye wote wakapimwa tena. Walioulizwa hawakuwa na mfadhaiko zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua kuliko wenzao. Wale waliokuwa tayari na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, au waliowahi kujaribu, walionekana hata kupata nafuu kidogo baada ya kuulizwa. Mwambie naibu kwamba kwa kijana ambaye tayari analo, wazo hilo analo peke yake usiku bwenini, na swali letu linampunguzia upweke.

Kuna pia ushahidi kwamba kuwauliza wote kunafichua waliojificha. Huko Pennsylvania, Marekani, shule 14 za upili zenye wanafunzi karibu 13,000 zililinganisha njia mbili: kusubiri mwalimu aone dalili, au kuwapa wote dodoso la sonona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa njia ya dodoso, uwezekano wa kumtambua mwanafunzi mwenye dalili ulikuwa karibu mara sita, na uwezekano wa kuanza matibabu ulikuwa mara mbili. Angalia tofauti ya namba hizo mbili. Kutambuliwa kulipanda sana, kutibiwa kukapanda kidogo. Hiyo ni Marekani yenye wanasaikolojia wa shule na bima. Kilifi pengo hilo litakuwa pana zaidi, na ndilo linalonifanya nikuombe usubiri.

Sasa twende kwenye hesabu, maana wakuu wa shule huelewana vizuri na hesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya, uliotolewa mwaka 2022, uliwahusu vijana wa miaka 10 hadi 17. Karibu asilimia 44 walikuwa wamepata tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, lakini waliofikia kiwango cha ugonjwa walikuwa kama asilimia 12. Ndiyo kusema wengi wana mzigo, wachache ni wagonjwa, na karatasi peke yake haiwezi kuwatenganisha.

Chukua wanafunzi wako 400. Asilimia 12 ni 48. Tuseme, kwa mfano tu, dodoso linawanasa 80 katika kila 100 walio wagonjwa kweli, na linawaacha kwa usahihi 85 katika kila 100 walio wazima. Hicho ni kipimo kizuri. Litawanasa wagonjwa 38, na 10 watapita bila kuonekana. Kati ya wazima 352, litawanasa 53. Mezani kwako utakuwa na majina 91, na zaidi ya nusu yao si wagonjwa. Kila mmoja anahitaji mazungumzo ya ana kwa ana, si chini ya kipindi kimoja cha dakika 40. Hizo ni saa 60. Ukiwa bado unafundisha Kiswahili, una masaa mangapi ya bure kwa wiki? Ukipata matano, utahitaji wiki 12, na muhula utakuwa umekwisha. Binti wa 91 atafunga shule hajaonwa, na hujui kama yeye ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote.

Ukianza na mkondo mmoja wa wanafunzi 50, kwa hesabu hiyohiyo utapata majina kama 11, kazi ya wiki moja na nusu. Hiyo unaiweza. Ukimaliza, unauchukua mkondo unaofuata.

Kuhusu dodoso lenyewe. La maswali tisa, linalojulikana kama PHQ-9, lilichapishwa mwaka 2001 kwa ajili ya watu wazima wanaofika kliniki. Leo linatumika duniani kote, na vijana wa Kenya wamelijaza katika tafiti kadhaa. Lipo kwa Kiswahili, na halilipiwi. Kila swali linauliza juu ya wiki mbili zilizopita na lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kawaida alama 10 na kuendelea ndizo zinazosema mtu huyu aonwe. Hazisemi ana sonona. Sonona hutambuliwa na mtu aliyefunzwa, baada ya mazungumzo, wala hakuna mwalimu anayepaswa kuandika neno hilo kwenye faili la mtoto kwa sababu ya jumla ya karatasi.

Bweni nalo lina mambo yake. Maswali manne kati ya tisa ni ya usingizi, uchovu, hamu ya kula, na kushindwa kutuliza akili kwenye jambo. Binti anayeamshwa na kengele saa kumi na nusu alfajiri, akarudi kutoka prepu saa nne usiku, na amechoshwa na githeri ya kila siku, anaweza kupata alama mbili kwenye kila moja. Hizo ni nane tayari, na moyoni hana neno. Kwa hiyo usitazame jumla pekee. Tazama maswali mawili ya mwanzo: kukosa raha au hamu ya kufanya mambo, na kuwa na huzuni au kukata tamaa. Tazama na lile la kujiona hufai. Kumi iliyotokana na hayo si sawa na kumi iliyotokana na ratiba ya shule. Na ikiwa mkondo mzima umepata alama za juu kwenye usingizi, anayehitaji kuzungumziwa hapo ni ratiba, na barua hiyo iende kwa mwalimu mkuu.

Siku ya kulitoa nayo ichaguliwe kwa makini. Wiki ya kufungua shule, binti wengi bado wanalilia nyumbani. Wiki ya mtihani, kila mtu ana wasiwasi. Ramadhani hubadilisha usingizi na kula. Chagua wiki ya tatu au ya nne ya muhula, iwe Jumatatu au Jumanne asubuhi. Ijumaa kamwe, kwa sababu atakayehitaji msaada Ijumaa jioni atasubiri hadi Jumatatu, walimu wakiwa wametawanyika.

Kuna shule niliyoitwa baada ya mambo kuharibika. Madodoso yalijazwa kwenye ukumbi wa kulia chakula, wanafunzi wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja anaiona karatasi ya jirani. Walioogopa kuonekana waliandika sifuri kuanzia juu hadi chini. Kiranja wa darasa ndiye aliyekusanya. Njiani kuelekea ofisini alizipitia, na kabla ya chakula cha jioni bweni zima lilijua ni nani aliyekubali kwenye swali la tisa, lile la kufikiria kufa. Binti huyo alikuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wiki iliyofuata alihama shule. Kwa hiyo: darasani, kila mtu na dawati lake, bahasha moja kwa kila mwanafunzi, anaifunga mwenyewe na kuitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli mbele yako. Asiyetaka kujibu aruhusiwe kukaa na karatasi tupu bila kuulizwa kwa nini.

Kabla hawajaanza, waambie wazi kitu gani kitabaki siri na kitu gani hakitabaki. Usiwaahidi siri kamili. Sema: "Mtakayoandika nitayasoma mimi peke yangu. Lakini nikiona maisha ya mtu yako hatarini, nitamwita, na tutamtafuta pamoja mtu wa kutusaidia." Vijana huipokea kweli hiyo kuliko tunavyodhani. Wanachokichukia ni kugeukwa.

Na sasa swali la tisa, linalouliza kama mtu amefikiria afadhali afe au ajidhuru kwa namna fulani. Hili halingojei jumla. Binti mwenye alama nne tu, lakini amejibu chochote zaidi ya "hapana kabisa" kwenye swali hili, anaonwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana nataka bahasha zifunguliwe ndani ya saa moja, nawe ukaanze na swali la tisa kwenye kila karatasi kabla ya kusoma jingine lolote.

Ukimwita, usimwite kwa kipaza sauti wala kwa kumtuma kiranja. Mwendee. Ketini mahali ambapo hamsikiki. Mwulize moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida: umefikiria kufa, au kujiua? Umefikiria namna ya kufanya? Ulichokifikiria unaweza kukipata hapa shuleni? Umewahi kujaribu? Kuna anayejua? Nyamaza umsikilize. Usimwambie ni dhambi, usimwambie awafikirie wazazi wake, usimwambie wenzake wana shida kubwa kuliko zake. Hayo yote anayajua, na yamemzidishia aibu.

Kama ni wazo linalopita tu, bila mpango wala nia, mnapanga pamoja: dalili zikizidi atafanya nini, atamwendea nani usiku, mtaonana tena lini. Iwe ndani ya siku mbili. Kama kuna mpango, nia, au aliwahi kujaribu, asiachwe peke yake hata dakika ya kwenda chooni. Matroni akae naye. Dawa za zahanati ya shule na sumu za shambani zifungwe, ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Hospitali siku hiyohiyo, pamoja na mtu mzima. Na hapa nasema kwa mkazo wote nilio nao: msimpandishe matatu kumrudisha nyumbani peke yake. Nimeliona hilo likifanywa kwa jina la "akapumzike kidogo". Mtoto anasafiri kilomita 80 na barua ya shule mkononi, akiwa kwenye saa mbaya kuliko zote za maisha yake.

Mzazi aitwe, isipokuwa pale mtoto anapokuambia kwamba anayemdhuru yuko nyumbani. Hapo unapitia kwa afisa wa watoto, na simu ya bure ya watoto 116 iko wazi usiku na mchana. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao wana 1199, ya bure. Namba hizo mbili ziandikwe kwenye mlango wa bweni, si kwenye ofisi yako tu.

Kuna hofu nyingine ambayo wanafunzi hawaisemi: kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai na polisi wataitwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Waambie walimu wenzako. Waambie na wanafunzi.

Kuhusu wale wazazi wawili, usibishane nao kwenye simu. Wana haki. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti, na za mtoto huchukuliwa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, kwa maslahi ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo barua inatangulia, iwe ya ukurasa mmoja, ieleze maswali yatahusu nini, nani atasoma, yatahifadhiwa wapi, yatachomwa lini. Weka nakala ya maswali yote tisa nyuma ya barua. Mzazi akiyaona, hofu nyingi hupungua, maana alidhani ni kitu kingine kabisa. Andika pia, na mwalimu mkuu atie sahihi, kwamba hakuna mwanafunzi atakayefukuzwa, kunyimwa nafasi au kuadhibiwa kwa sababu ya majibu yake. Kama mwalimu mkuu hawezi kutia sahihi sentensi hiyo, msifanye kabisa.

Majibu yasikae kwenye faili la nidhamu. Yasiende kwa karani akayachape. Na yasitajwe kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa herufi za kwanza za majina. Orodha ikishatumwa humo huwezi kuirudisha.

Huko kwenu Pwani utakutana na mzazi anayesema binti ana jini, au amefanyiwa jambo. Usimkatalie mbele ya mtoto. Mwambie visomo viendelee, na hospitali nayo iendelee, kimoja hakizuii kingine. Kama unamfahamu sheikh au mchungaji anayesikilizwa mtaani, zungumza naye kabla ya barua kutoka. Mara nyingi huyo ndiye atakayemwambia mzazi "mpeleke kliniki" na akasikia.

Muhula huu basi ufanye nini? Nenda hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu, umtafute muuguzi au afisa wa kliniki anayeshughulikia afya ya akili. Pata jina lake, namba yake, na siku za kliniki. Mwulize swali moja: nikikuletea wanafunzi watatu wiki moja, utawaona? Jibu lake ndilo litakalokuambia mkondo wa kwanza uwe wa watu wangapi. Omba upunguziwe vipindi viwili vya Kiswahili kwa wiki. Wafunze matroni na walimu wa zamu, alasiri moja inatosha kuanzia, jinsi ya kuyauliza yale maswali ya kujiua bila kutetemeka. Na uwe na saa yako ya mlango wazi inayojulikana, mahali pasipopitwa na kila mtu.

Wale wengi wenye mzigo lakini si wagonjwa wasirudishwe darasani mikono mitupu. Hapa Kenya shirika la Shamiri lilijaribu vikundi vya wanafunzi wa upili wenye dalili za sonona na wasiwasi, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni, si madaktari. Vikao vinne tu, juu ya kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo mtu anayathamini. Utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha dalili zikipungua kuliko kwa wenzao waliopewa mafunzo ya mbinu za kusoma. Kikundi cha namna hiyo unaweza kukianzisha hata kabla ya dodoso.

Ukiona mwalimu mkuu anaharakisha, mwambie kwamba jimbo la Illinois huko Marekani lilipitisha sheria Julai 2025 ya kuwapima wanafunzi wote kuanzia darasa la tatu hadi la 12 kila mwaka. Hawaanzi hadi mwaka wa masomo wa 2027 hadi 2028, na mzazi anaruhusiwa kumtoa mwanawe. Wenye uwezo kuliko sisi wamejipa miaka miwili ya kujiandaa. Ninyi mnaomba muhula mmoja.

Limebaki la mzazi atakayekataa hata baada ya barua. Mwache akatae, binti yake asijaze, na asitengwe siku hiyo akajulikana: mpe kazi ya kuandika kama wenzake, na bahasha yake. Lakini ridhaa inayohitajika ni ya dodoso. Binti huyo akija mwenyewe mlangoni kwako akilia, wewe ni mwalimu wake wa nasaha, na utamfungulia.